Funga Kitabu, Mjukuu Wangu

Wajukuu wangu wa Free Area hapa Nakuru, mnaojiandaa kwa mtihani wa KCSE na mnaosomea Chuo Kikuu cha Egerton, nisikilizeni. Bidii yenu naiona. Taa zenu huwaka hadi usiku wa manane. Kinachonitia hofu ni kule kurudia noti zile zile mara tatu, mara nne, mkizipaka kalamu ya njano, mpaka kila mstari unaonekana mwepesi kwenu. Wepesi huo unawadanganya. Mmeizoea sura ya ukurasa, somo lenyewe bado.

Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walitoa matokeo ambayo ningependa kila mwalimu wa Nakuru ayajue. Kundi moja la wanafunzi lilisoma makala kwa vipindi vinne. Jingine lilisoma kwa kipindi kimoja, likanyang'anywa makala, kisha mara tatu likaandika yote liliyoyakumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tu waliongoza kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya juma moja walibaki na 40, wenzao 61. Na waliojiamini zaidi kwamba wangekumbuka ni hao hao waliosahau zaidi! Wanangu, mtihani hauji baada ya dakika 5.

Sisi tulipotumwa dukani unga, chumvi na kiberiti, bila karatasi, tulivitaja kimoja kimoja njia nzima. Nanyi fanyeni hivyo. Soma kurasa mbili, funga kitabu, andika kwenye karatasi tupu kilichobaki kichwani. Utakwama. Usikimbilie kufungua, kule kutafuta kwa shida ndiko kunakolikita somo. Ukishindwa kabisa, fungua, sahihisha, kisha kesho kutwa urudie.

Na simu ilale chumba kingine. Mnalalamikia malori ya barabara kuu, lakini lori hupita. Simu haipiti. Swali la pili likiwa gumu, mkono huifuata wenyewe, wakati ule ule akili ilipokuwa inakaribia jibu, na ukirejea huanzi ulipoachia.

Leo usiku anzeni na biolojia: safari ya damu kutoka moyoni hadi mapafuni na kurudi, hatua kwa hatua, kitabu kikiwa kimefungwa. Kesho asubuhi njooni mnieleze.