Shamba la Mtu, Mteremko wa Wote

Twauliza, ndugu wasomaji: mwenye shamba mlimani, je, aweza kulitenda apendavyo kwa kuwa ni lake?

Sisi wa Haydom yatupasa kujibu, maana Wairaqw wengi wa hapa asili yao ni Mama Isara, katika milima ya Mbulu. Huko, kwa miaka 200 na zaidi, watu wamelima miteremko mikali, nayo yaendelea kuwalisha. Ng'ombe hulala nyumbani, samadi yao huchukuliwa shambani. Magugu hufukiwa yakaoza. Matuta hukingamishwa, na maji huongozwa kwa mifereji.

Lakini kazi hiyo si ya mmoja. Wa juu akiacha maji yateremke ovyo, yeye hupoteza udongo wake, na wa chini hufukiwa mazao yake. Basi shamba ni la mtu, bali mteremko ni wa wote.

Wengine husema, "Tumehamia nchi pana, taabu ile ya nini?" Twajibu: wazee walijifunza kuutunza mteremko. Sisi je, tungoje nini? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na asiyefunzwa na wazee wa mlimani atafunzwa na korongo.