Nasaha kwa Msasi wa Bunduki ya Gobori

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatiisha wanyama kwa manufaa ya wanaadamu, kisha akaweka mipaka ya kuwatumia. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila mwenye kufuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Fahamuni, enyi Waislamu, ya kwamba kusaka ni jambo la halali kwa Kitabu na kwa Suna. Katika Sura ya Maida Mwenyezi Mungu amewaruhusu waumini kuwinda wakisha kutoka katika ihramu, na akawahalalishia windo la wanyama wa kuwindia waliofundishwa. Lakini halali hiyo ina milango yake. Na katika silaha za wasasi ni chache zinazolidhihirisha jambo hili kama bunduki ya gobori, ile ishindiliwayo kwa mdomo wa kasiba. Kwani gobori humpa mtu risasi moja tu, wala halimpi ya pili mpaka ashindilie tena. Basi mwenye subira hupata nyama ya halali na kurejea salama. Na mwenye haraka huipoteza nyama yake, pengine na roho yake, pengine na roho ya mwenziwe.

Bunduki hizi ni za zamani katika mwambao. Zilikuwako za mrao, ziwashwazo kwa utambi. Kisha za gumegume, zitoazo cheche kwa jiwe. Kisha za fataki, ambazo asili yake ni uvumbuzi wa Alexander Forsyth, padri wa Scotland, aliyepewa haki ya uvumbuzi wake mwaka 1807. Katika karne ya 19 zilishuka Unguja kwa maelfu, zikapanda bara pamoja na misafara ya pembe. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalizuia bunduki za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika, yakaacha nafasi kwa za gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba, pamoja na baruti yake ya kawaida. Kwa sababu hiyo gobori likakaa mikononi mwa watu miaka mingi baada ya kupitwa na silaha nyingine. Wala haiba yake si kwa watu wa Afrika peke yao. Hata leo huko Marekani, ambako bunduki za kisasa ni tele, majimbo mengi yameweka siku maalumu za kusaka kwa bunduki za kushindilia. Na nyingi katika hizo zina mifuo ndani ya kasiba, iizungushayo risasi ili iende sawa.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini aliye na uwezo wa kupata bunduki ya risasi nyingi aipende hii? Jawabu ni kwamba gobori humtaka mtu ustadi. Hupima baruti kwa mkono wake, hujua upepo utokako, husoma nyayo, hunyemelea mpaka karibu, kisha hungoja. Na mazoezi ya kulenga shabaha yamesifiwa katika hadithi za Mtume s.a.w. Lakini katika raha hiyo mna mtego. Mtume s.a.w. ametahadharisha kwamba mwenye kufuata mawindo hughafilika. Aanzaye kwa kutafuta kitoweo, akaishia kukosa sala ya Ijumaa, au kuua asichokila, au kumfanya kiumbe hai kuwa shabaha ya mchezo, huyo amekwisha kuwindwa yeye. Na hilo la mwisho limekatazwa kwa hadithi sahihi.

Ama salama ya msasi mwenyewe, yampasa kuyashika mambo haya, kwani kujitia katika maangamizi ni haramu.

La kwanza, asitie katika gobori illa baruti nyeusi, ile ya shura, makaa na kibiriti. Baruti ya kisasa isiyo na moshi ina nguvu nyingi kupita kiasi, nayo hupasua kasiba ikamng'oa mtu vidole na macho.

La pili, aipime baruti kwa kikombe kidogo, wala asiimimine kutoka katika pembe moja kwa moja. Pengine cheche ya risasi iliyotangulia imebaki ndani. Ikishika, pembe yote hulipuka mkononi.

La tatu, aishindilie risasi kwa mdeki mpaka ikae juu ya baruti pasi na nafasi. Risasi iliyosimama katikati ya njia huweza kuipasua kasiba. Na autie mdeki alama, ili ajue kwa kuutazama kama bunduki ni tupu au imeshindiliwa. Kwani wengi wameshindilia mara mbili kwa kusahau.

La nne, asiweke fataki juu ya kifa mpaka windo liwe mbele yake, na aiondoe kabla ya kupanda mti, kuruka mtaro au kuingia nyumbani. Na wakati wa kushindilia, uso wake usiwe juu ya mdomo wa kasiba.

La tano, fataki ikilia na bunduki isilie, asiishushe wala asichungulie. Na aendelee kuielekeza mahali pasipo mtu, angoje kadiri ya dakika moja au zaidi, kwani moto huweza kuchelewa. Ni wangapi waliodhani imekufa, nayo ilikuwa ikivuta pumzi!

Ama salama ya watu wengine, Mtume s.a.w. amemkataza Muislamu kumwelekezea ndugu yake silaha hata kwa mzaha, kwa kuwa hajui, huenda Shetani akauponyosha mkono wake. Na amemwamrisha apitaye msikitini au sokoni na mishale azuie ncha zake zisimdhuru mtu. Ikiwa hiyo ndiyo adabu ya mshale, basi bunduki ni zaidi.

Tena wanavyuoni wa Shafi, wanapotoa mfano wa kuua kwa makosa, huutoa huu huu: mtu alipiga windo, akampata mwanaadamu. Natufikirie sura yake. Jua linakuchwa, mtama unatikisika, msasi anaona weusi, anaogopa windo lisimponyoke, anapiga. Moshi ukiondoka, hapana nguruwe wala paa. Yuko mkulima alalaye chini na jembe lake. Kusema "sikukusudia" kutamwondolea kisasi, lakini hakutamwondolea mzigo. Jamaa zake watawajibikiwa na dia, nayo asili yake ni ngamia mia, hulipwa kwa miaka mitatu. Na yeye mwenyewe atawajibikiwa na kafara, ambayo kwa asiyekuwa na mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Na mayatima wa yule mkulima hawana kafara ya kuwarejeshea baba yao. Basi asiyeliona windo kwa jicho lake, kichwa na miguu, na asiyejua kilichoko nyuma yake, asiguse mtambo. Windo lililoponyoka si hasara. Riziki yake iko kwa Mola wake.

Ama kuhalalika kwa nyama, hapa ndipo wengi wanapokosea. Adi bin Hatim r.a. alimwuliza Mtume s.a.w. juu ya windo lililopigwa kwa kijiti cha kutupa. Akajibiwa kwamba lililochomwa kwa ncha huliwa, na lililopigwa kwa ubavu wake ni mzoga wa kupondwa, haliliwi. Kwa msingi huu wanavyuoni wa Shafi wamehukumu kwamba windo lililokufa kwa uzito wa kitu, si kwa ukali wake, si halali, na risasi wameitia katika hukumu hiyo. Wako waliosema kinyume, kama baadhi ya wanavyuoni wa Maliki wa zama za nyuma, na Shawkani wa Yaman, kwa kuwa risasi hutoboa. Lakini afuataye madhehebu ya Shafi hana ruhusa ya kuuchukua mzoga kwa sababu ya tamaa. Njia yake ni moja: alifikie windo likiwa na uhai uliothibiti, alichinje kwa kisu kikali, akate koo la pumzi na umio, ataje jina la Mwenyezi Mungu. Likiwa limekwisha kufa kabla ya kisu, aliache.

Kwa hiyo msasi wa gobori na anoe kisu kabla ya kupima baruti. Asipige mbali, asije akachelewa kulifikia. Wala asipige pasipo hakika, windo likaenda kufia porini kwa maumivu, kwani Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila jambo, hata katika kuchinja.

Mwisho, kuitii serikali katika lisilokuwa maasi ni wajibu. Kenya imekataza kusaka tangu mwaka 1977, na Tanzania hairuhusu illa kwa hati ya bunduki na ya mnyama. Na paa nunga, ambaye wamebaki wachache katika misitu ya Unguja na pwani ya Kenya, asiguswe. Amana iliyokaribia kwisha hailiwi.

Subira ni ufunguo wa faraji. Risasi ikisha kutoka hairudi, lakini kidole kisichovuta hakijuti. Ewe Mola, waruzuku Waislamu kilicho halali na chema, wakinge na ghafla na majuto, na wajaalie damu zao ziwe salama kwa mikono yao. Amin.