Je, Chuo Kina Haki ya Kutuchagulia?

Hapa Kampala, anayetafuta chuo huulizwa kwanza ni kozi gani itakayompa kazi. Mimi nina swali jingine: je, chuo kina haki ya kumlazimisha mtu mzima asome asichokichagua?

Vyuo viwili nje ya jiji, vidogo kuliko Makerere, vinatusaidia kulipima swali hili. Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, cha maaskofu Wakatoliki, kilifunguliwa Nkozi mwaka 1993 kikiwa na wanafunzi 84. Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, cha Kanisa la Uganda, kilianzishwa Mukono mwaka 1997 kutokana na chuo cha theolojia cha Bishop Tucker. Nkozi ni kijijini, na wanafunzi hujuana upesi. Mukono ni mji ulio kwenye barabara ya Jinja, na wengi huenda Kampala na kurudi siku hiyohiyo. Nkozi, somo la maadili limeingizwa katika fani mbalimbali. Mukono, hata anayesomea sheria au biashara hupitia kozi za msingi, Biblia ikiwemo.

Mzazi aliyeuza kipande cha shamba ili alipe karo ana haki ya kuuliza: mhasibu ana haja gani na nabii Amosi? Lakini Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunja vipimo ili kuwanyonya maskini. Mhasibu asiyewahi kulitafakari jambo hilo atajua kuandika hesabu, ila siku bosi atakapomwambia abadilishe tarakimu, hatakuwa na la kumjibu. Kwa hiyo naona kulazimishwa kunaweza kuwa kwa haki.

Hata hivyo, haki hiyo ina mpaka. Anayeingia katika somo la maadili huanza na swali ambalo Mwislamu, Mkristo na asiye na dini wanaweza kulijadili wakiwa sawa. Anayeingia katika somo la Biblia hukuta maandiko ambayo wenzake wengine tayari wanayaamini. Hapo mhadhiri ana wajibu mkubwa zaidi wa kutofautisha kuelewa na kukiri imani.

Tukumbuke Mashahidi wenyewe. Waliuawa kati ya 1885 na 1887 kwa amri ya Kabaka Mwanga, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, na wengi wao walikuwa vijana wahudumu wa ikulu. Walikataa kutii pale dhamiri ilipowakataza. Makanisa yote mawili huwaadhimisha kila tarehe 3 Juni kule Namugongo. Ni vigumu kuwaheshimu vijana kama hao huku tukitaka wanafunzi wa kuitikia tu.

Mdogo wangu akiniuliza achague chuo kipi, sitamtajia jina. Nitamwambia awaulize wanaosoma huko jambo moja, kabla hata ya kuuliza karo: je, ukimpinga mhadhiri kwa hoja, bado utapata alama unazostahili?