Wewe Ndiye Yule?

Waandishi wa programu wana swali moja ambalo wanafalsafa wamelihangaikia karne nyingi: ni nini kinachokifanya kitu kiwe kilekile leo na kesho? Anayebuni maktaba ya kuunda modeli za vitu hulijibu mapema, kwa kuandika klasi ya kiolesura cha utambulisho. Kiolesura chenyewe hakifanyi kazi. Ni ahadi tu, kwamba kila kitu kitakachoingia humu, kikiulizwa "wewe ndiye yule?", kitajibu.

Ahadi hiyo inaonekana ndogo. Hebu tuipeleke Mbuji, kwenye milima ya Mbinga. Simama sokoni uite "Ndunguru!" uone watakavyogeuka wengi. Jina halitoshi. Sura je? Sura huzeeka. Hata ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo huyachimba kwenye miteremko ili maji yasibebe udongo, huchimbwa upya, nyasi mpya zikafukiwa, na bado watu husema ni shamba lilelile la bibi fulani.

Ndiyo maana mbunifu makini hutenganisha sifa za kitu na utambulisho wake. Sifa zibadilike zitakavyo. Namba ya utambulisho isiseme lolote, ionyeshe tu.

Sasa tazama namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ni rahisi kukumbuka, sawa. Lakini tarehe ni sifa, tena sifa inayoweza kukosewa. Bibi aliyezaliwa kijijini bila cheti, anayejua tu kwamba ulikuwa msimu wa mavuno, analazimika kutaja siku. Anakisia, na kisio lile linakuwa yeye. Ukweli ukipatikana baadaye, njia ni mbili: namba iendelee kusema uongo, au ibadilike. Ikibadilika, kila daftari lililoandika ile ya zamani linamjua mtu mwingine.

Eti ni mambo ya mafundi? Januari 20, 2020, laini za simu ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na usajili ule ulihitaji namba ya NIDA. Kwa mkulima wa kahawa, laini ni pochi pia. Na vidole vilivyoshika jembe miaka hamsini vinaweza kufutika mistari.

Sisemi tusiwe na namba. Akina Ndunguru ni wengi, na pembejeo lazima zimfikie aliyekusudiwa. Ninachosema ni kwamba kijijini, swali la "ndiye yule?" hujibiwa na wanaokukumbuka: jirani, shangazi, mtendaji wa kijiji na barua yake yenye mhuri. Mashine haina kumbukumbu hiyo. Basi anayeibuni ana deni: aache mlango ambao shahidi mwenye macho anaweza kuingia na kusema, "Huyu namfahamu." Mfumo usio na mlango huo humwambia mtu aliye hai, amesimama mbele ya dirisha, kwamba hayupo. Huo si ufundi mbaya tu. Ni dhuluma.