Pesa za Kasino: Kwetu au kwa Jirani?



Sisi tunaoishi huku magharibi mwa Massachusetts tumezoea kusikia hoja moja kila kasino inapotajwa: "Watu watacheza tu. Afadhali wapoteze pesa zao hapa kuliko kuzipeleka Connecticut." Inasikika kama busara. Leo tuipime, kwanza kwa hesabu, halafu kwa imani.

Kwa miaka mingi Connecticut ndiyo iliyovuta wachezaji wa eneo hili. Makabila mawili ya wenyeji asilia yalifungua kasino huko, Foxwoods mwaka 1992 na Mohegan Sun mwaka 1996. Kwa makubaliano, jimbo hupata asilimia 25 ya mapato ya mashine za kamari. Mwaka wa bajeti wa 2007 fungu hilo lilipita dola milioni 400, na sehemu yake iligawiwa miji ya jimbo.

Massachusetts ilitazama magari yake yakivuka mpaka ikaamua kuyarudisha. Sheria ya kuruhusu kasino ilipitishwa mwaka 2011, na mwaka 2014 wapiga kura walikataa kuifuta. Plainridge Park ilifunguliwa mwaka 2015, MGM Springfield Agosti 2018, na Encore Boston Harbor Juni 2019. Fungu la Connecticut lilikuwa limeshaanza kushuka wakati wa mdororo wa uchumi wa 2008. Ushindani ukalishusha zaidi, hadi likafika karibu dola milioni 250 mwaka wa bajeti wa 2019.

Majirani nao hawakukaa kimya. Mwaka 2017 Connecticut ilipitisha sheria ya kujenga kasino East Windsor, mwendo mfupi kutoka Springfield, ili kuwazuia wachezaji kabla hawajavuka. Haikujengwa. Rhode Island ilifungua kasino Tiverton Septemba 2018, mita kama 120 tu kutoka mpaka wa Massachusetts. Kisha mbio zikahamia kwenye simu: Connecticut iliruhusu kamari ya mtandaoni mwaka 2021, na hapa kwetu kubeti michezo kwa simu kulianza mwaka 2023. Sasa mpaka uko mfukoni mwa kila mtu.

Tukisoma habari hizi tunaambiwa jimbo moja limepata na jingine limepoteza. Lakini mapato ya kasino ni nini? Ni jumla ya pesa ambazo wachezaji wameingia nazo na hawakutoka nazo. Ili Connecticut ipate dola milioni 400 kwa asilimia 25, ilibidi watu wapoteze dola bilioni 1.6 kwenye mashine zile. Kwa hiyo fungu hilo linaposhuka kwa sababu ya kasino yetu, hasara ya watu imebadilisha anwani tu. Aliyelipa ni yuleyule.

Tunakumbuka habari za Isaka kule Gerari. Wachungaji waligombania visima vyake, naye akaenda mbele akachimba kingine, mpaka akapata mahali pasipo na ugomvi. Kisima kipya huongeza maji, na jirani anaweza kunywa bila mwingine kufa kiu. Kasino mpya mpakani huchota kwenye kisima kilekile.

Tena hayo maneno "watu watacheza tu" si kweli kwa wote. Ukaribu unaongeza wachezaji. Mtu ambaye asingeendesha gari saa nzima hadi Mohegan Sun, sasa anapita mlangoni akitoka kazini. Sisi tunaofanya kazi za usiku hospitalini tunaijua saa ile ya asubuhi: mwili umechoka, usingizi haujaja, mshahara umeingia jana, na taa za kasino hazizimwi.

Lazima pia tuseme ukweli wa upande wa pili. MGM ilijengwa katika eneo la Springfield lililopigwa na kimbunga mwaka 2011, ikaahidi ajira 3,000. Kazi hizo zimelisha familia, zikiwemo za wahamiaji kama sisi. Makabila yale mawili nayo yalinyang'anywa ardhi kwa karne nyingi, na mapato ya kasino yamewajengea watu wao nyumba na kuwasomeshea watoto. Hatumhukumu ndugu anayefagia sakafu au kupika kule. Tunachohoji ni serikali kupanga bajeti yake juu ya matumaini kwamba raia wake, au raia wa jirani, watapoteza zaidi mwaka ujao.

Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alimleta Msamaria, mtu wa ng'ambo ya mpaka. Kwa kipimo hicho, mama wa Hartford anayepoteza kodi ya nyumba ni jirani yetu sawa na mama wa Springfield. Hatuwezi kufurahi kwamba amekuja kuipotezea kwetu.

Basi wale kati yetu wenye uraia, swali la kasino likija tena kwenye kura, tuulize ni nani atakayepoteza hizo pesa, kabla ya kuuliza jimbo litapata ngapi. Nyumbani tuzungumze na vijana wetu kuhusu kubeti kwa simu bila kufokeana. Tangu mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani wameiweka kamari ya kupindukia katika kundi moja na ulevi wa pombe na dawa za kulevya. Ni ugonjwa, na una tiba. Dalili zake ni kuficha, kukopa, na kurudi kucheza ili kukomboa kilichopotea jana.

Anayetaka kuacha anaweza kuomba jina lake liwekwe kwenye orodha ya kujizuia kwa hiari, na kasino zote za jimbo hili zitamkatalia kucheza. Simu ya msaada ya Massachusetts ni 1-800-327-5050, bure, saa 24. Na sisi wa huduma ya afya tupo baada ya ibada. Njoo tuketi pamoja; litakalosemwa litabaki kwetu.

Mungu awabariki, nyumba zenu na za majirani zenu.