Kabla Hujapeleka Majina

Mwanangu, keti kidogo. Chai bado ya moto, na kwa baridi hii ya Ufipa hakuna anayekukimbiza.

Jana ulinisomea kwenye simu majina saba ya kamati ya kikundi chenu. Unataka yafike halmashauri kabla ya Ijumaa, muwahi mkopo wa vijana. Nilinyamaza, ukadhani nimeridhika. Sikuridhika. Wote saba ni wa hapa hapa Majengo, rika moja, kijiwe kimoja. Nilinyamaza kwa sababu orodha kama hiyo niliwahi kuiandika mimi, kwa mkono wangu.

Nitaanza mbali, univumilie.

Desemba 1961 nilikuwa na miaka kumi. Redio ilikuwa moja, ya mwalimu wetu, na betri zake zililindwa kuliko mbuzi. Tulijazana uani kwake kusikia habari za mawaziri wa Tanganyika huru. Watu wazima walisubiri kitu kimoja tu: jina la Mfipa. Halikutajwa. Wakaondoka wamenuna, nami nikanuna kwa kuwaiga, bila kujua nanunia nini. Ilinichukua miaka mingi kuyarudia majina yale na kuyasikiliza vizuri.

Walikuwa vijana, mwanangu. Mwalimu Nyerere alikuwa na miaka 39. Rashidi Kawawa 35. George Kahama 32 tu. Usiniambie basi kwamba wazee hatuwaamini vijana. Lakini tazama walikotoka. Kahama alitoka kwenye ushirika wa kahawa wa Bukoba. Paul Bomani aliwaunganisha wakulima wa pamba kule Usukumani. Kawawa aliongoza wafanyakazi, na kabla ya hapo aliigiza filamu, tena akaigiza vizuri. Yaani wengi wao walikuwa wamekwisha kushika mali au madai ya watu wengine, wakasimama mbele yao kujieleza. Hiyo ndiyo shule yenyewe.

Sasa sikia hili. Fedha za nchi changa hakupewa mwana TANU aliyezunguka na Mwalimu vijijini. Alipewa Sir Ernest Vasey, Mzungu aliyekuwa ameshika fedha katika serikali ya kikoloni ya Kenya. Afya na kazi akapewa Derek Bryceson, mkulima Mzungu. Mawasiliano, umeme na ujenzi akapewa Amir Jamal, Mhindi mzaliwa wa Mwanza. Na Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe akawa humo humo, wakati kila mtu akijua kwamba enzi ya machifu inakwisha.

Unafikiri lilikuwa jambo jepesi? Oktoba ya mwaka ule ule, katika mjadala wa uraia, baadhi ya wabunge wa TANU walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu alikasirika, akasema serikali itajiuzulu kuliko kupima uraia kwa rangi ya ngozi. Sheria ikapita. Mwaka 1965 wapiga kura wa Dar es Salaam walimchagua Bryceson kwenda bungeni. Jamal alikuja kuwa waziri wa fedha kwa miaka mingi.

Sikusifii malaika. Meza ile ya mawaziri haikuwa na mwanamke hata mmoja, ingawa Bibi Titi Mohamed ndiye aliyejaza viwanja vya mikutano ya TANU. Hilo lilikuwa kosa, nami nalisema nikiwa mzee. (Orodha yako nayo haina binti. Nimeona.) Wala wote hawakufika mwisho wa safari pamoja. Fundikira aliacha uwaziri mwaka 1963. Oscar Kambona, waziri wa elimu wa siku zile, mwaka 1967 alikwenda London na hakurudi mpaka 1992. Watu huachana, mwanangu. Kwa hiyo usichague kamati ukidhani urafiki utafanya kazi ya daftari.

Mimi ndivyo nilivyodhani.

Mwaka 1976 nilikuwa na miaka 25. Kijiji chetu, njia ya Laela, kilifungua duka la ushirika, nikachaguliwa mwenyekiti. Nikaambiwa nipendekeze kamati. Sikulala, nikaandika majina usiku ule ule. Wote rafiki zangu. Kulikuwa na mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa mwene, yaani chifu wetu, wakati wa Waingereza. Alikuja nyumbani asubuhi, kofia mkononi, akasema angeweza kututunzia hesabu. Nilimjibu mbele ya watu kwamba hatuhitaji vibaraka wa mkoloni. Watu walicheka. Mzee akavaa kofia yake, akaenda.

Kicheko kile nakisikia hadi leo.

Duka lilikwenda miezi minane. Hakuna aliyevunja kufuli. Tulikuwa tunaambiana tu: chukua, utalipa. Sukari kilo moja, sabuni mche, chumvi. Nani angemwandika rafiki yake? Siku ya kuhesabu mali tukakuta upungufu wa shilingi elfu mbili na mia tatu, na wanakijiji wamesimama mlangoni wakitutazama.

Nilikwenda kwa yule mzee usiku, kwa aibu ya mchana. Hakunisimanga. Alikaa nami jioni tatu kwa mwanga wa koroboi, akilinganisha stakabadhi moja moja na kumbukumbu zangu zilizojaa mashimo. Tulipofika kwenye wadaiwa akaniambia nianze na jina langu. Nikabisha. Akasubiri, kalamu hewani. Mwishowe nikajiandika: shilingi arobaini na moja. Nililipa kwa gunia la ulezi na kuku wawili, na mama yako hakunisemesha wiki nzima.

Kuna jambo jingine ninalolifikiria kila unapolitaja neno mwenyekiti. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha Waziri Mkuu wiki sita tu baada ya uhuru. Tarehe 22 Januari 1962 akajiuzulu, akamwachia Kawawa, akarudi kwa wananchi kukijenga chama. Uani kwa yule mwalimu wetu mwenye redio watu walisema amefukuzwa, amerogwa, hawezi kazi. Baba yangu peke yake hakusema kitu. Alikuwa analima ntumba msimu ule. Unajua ntumba: unafukia nyasi chini ya tuta mvua zikikaribia kwisha, unapanda maharage, na ulezi wenyewe unausubiri hadi msimu unaofuata, tuta likishabomolewa na nyasi zimeoza. Mpita njia akikuangalia mwaka wa kwanza ataona mtu anayezika majani.

Mwalimu alirudi Desemba 1962, safari hii akiwa Rais. Lakini Januari ile nani angemhakikishia?

Nyinyi mnataka mkopo uingie, pikipiki zinunuliwe, marejesho yaanze, yote kabla ya Krismasi. Sikuzuii. Nakuomba wiki moja tu. Yule mama anayeuza mchele karibu na stendi, aliyeweka hesabu za kikoba chao bila kelele, mmemuuliza kama binti yake ana nafasi? Na yule kijana wa kutoka Mpui mnayemwita mgeni, si ndiye aliyesomea uhasibu?

Najua, hawakai kijiweni kwenu.

Maliza chai. Halafu nenda kwanza kwa yule kijana wa Mpui, kabla hajasikia kwamba mlimcheka.