Doa katika Ini la Shangazi

Mwaka jana shangazi yangu anayeishi Kisugu alikwenda kupimwa tumbo kwa ultrasaundi. Alihofia mawe ya nyongo. Mawe hayakuonekana, lakini karatasi ya majibu ilisema ini lake lina doa la sentimita mbili. Niliisoma mimi kwanza, kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba (nasoma Kiswahili, lakini kwetu msomi ni msomi). Binamu yangu akanivuta kando: "Mwambie Mama ni vidonda vya tumbo tu."

Nikamwambia hivyo. Je, nilidanganya?

Nilijitetea kwamba ukweli wenyewe sikuujua. Utetezi huo una nguvu kiasi. Ultrasaundi haipigi picha ya ugonjwa. Hutuma mawimbi ya sauti na kuchora mwangwi wake. Doa jeupe laweza kuwa hemanjioma, fundo la mishipa ya damu ambalo mtu huzeeka nalo bila kulijua. Laweza kuwa mafuta au kovu. Laweza pia kuwa saratani, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini B, na hapa Uganda hilo si jambo dogo: uchunguzi wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulivikuta kwa watu wazima 4 hivi katika kila 100. Chanjo ya watoto wachanga ilianza 2002; shangazi alizaliwa zamani.

Lakini kutojua ni doa gani si sawa na kujua kuwa ni vidonda. Mimi nilikuwa na shaka, yeye nikampa uhakika. Tena shaka ile ilikuwa mali yake. Ndiyo ingemtoa nyumbani kwenda kupimwa damu. Kant, katika insha yake ya 1797, alikataza uongo hata wa kumwokoa rafiki. Kwangu huyo ni mkali mno. Ila sisi hatukuwa tunamwokoa mtu.

Binamu huamini kwamba habari huua. Simbezi: alimwona baba yake akidhoofika mara tu alipoambiwa, ingawa ugonjwa nao haukuwa umelala.

Baada ya wiki tatu nilimwambia shangazi. Aliendelea kumenya matoke, kisha akauliza, "Mwanangu, wiki zote hizi ulikuwa unalalaje?"

Kesho yake tulikwenda kupima damu. Virusi havikuonekana. Doa bado lipo. Daktari anataka picha nyingine baada ya miezi sita. Tarehe ameiandika shangazi mwenyewe kwenye kalenda ya ukutani.